Dinari Mia Tatu

Swali aliloliuliza Yuda Iskariote kule Bethania lilikuwa swali zuri, na bado sijasikia mahubiri yaliyolijibu nikaridhika. Mwanamke amemwaga marhamu ya nardo yenye thamani ya dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Tunalijua hilo kutokana na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Iliyomwagika, basi, ni kazi ya karibu mwaka mzima ya mtu wa jembe. Yuda anauliza kwa nini isiuzwe, maskini wakapewa. Mwinjili Yohana anaharakisha kutuambia kwamba mwulizaji alikuwa mwizi wa mfuko, kana kwamba shauri limekwisha. Lakini kwa Marko walionung'unika ni watu kadhaa waliokuwapo, na kwa Mathayo ni wanafunzi wenyewe. Hata mwizi anaweza kuuliza swali la haki. Nimekuwa nikiliwaza swali hilo tangu shemeji yangu aliporudi kutoka Doha akaniambia anataka kutununulia spika.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba niliyeolewa Buganda. Tunakaa Lungujja, upande wa chini wa kilima cha Lubaga, na nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Nyumba ni ya ukoo: mama mkwe, mume wangu, watoto, na chumba kimoja ambacho huwa kinamsubiri huyu shemeji kila mkataba wake unapoisha. Kule Qatar ni mlinzi. Spika alizozitaka ni za Bang & Olufsen ya Denmaki, na bei aliyonionyesha kwenye simu, ukijumlisha usafiri na ushuru, ilizidi bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Hapa Kampala pikipiki mpya inalisha mke, watoto na mzazi mmoja kijijini. Mimi nikiona tarakimu kama hiyo akili inakimbilia kwenye mshahara, hasa sisi walimu wa masomo ya sanaa tulioachwa pale pale mwaka 2022 serikali ilipowapandishia wenzetu wa sayansi.

"Shemeji," nilimwambia, "hiyo ni karo ya watoto."

"Mulamu, karo nalipa," akanijibu. "Hii ni nyingine."

Jibu hilo lilinikalia kichwani. Kweli karo analipa. Dawa za mama analipa pia. Sikuwa na haki ya kumhukumu kabla sijajua pesa ile inanunua nini hasa, na anayenunua ananunua kwa ajili ya nini. Hayo ni maswali mawili tofauti, na watu wengi wanaobishana juu ya vitu vya bei huyachanganya.

Tulianza na la kwanza. Tulishuka Ndeeba, kwenye mbao na misumeno, kwa fundi mmoja mzaliwa wa Bukavu anayetengeneza maboksi ya spika za makanisa na za baa. Aliifungua spika moja mbele yetu. Ndani kuna sumaku, kuna koili ya waya mwembamba, kuna koni ya karatasi. Umeme unaotoka kwenye amplifaya unapita katika koili, koili inavutwa na kusukumwa na sumaku, inaitikisa karatasi, karatasi inasukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokufikia sikioni kama sauti ya mtu. Wufa inabeba sauti nene, twita inabeba nyembamba, na kati yake kuna krosova ya kugawa kazi. Yaliyobaki ni boksi. Fundi aliligonga kwa kifundo cha kidole na kutuambia tusikilize: boksi baya linaimba lenyewe, linaongeza sauti yake juu ya sauti ya mwimbaji.

Mtambo huu una umri ambao mtu wa Lubaga hausahau kwa urahisi. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric huko Marekani, walichapisha maelezo ya spika ya koili ambayo karibu zote za leo ni wajukuu wake. Mwaka huohuo, karibu na mji mdogo wa Struer huko Denmaki, vijana wawili Peter Bang na Svend Olufsen walianzisha kampuni yao nyumbani kwa wazazi wa Olufsen. Na mwaka huohuo wa 1925 Kanisa Kuu la Lubaga liliwekwa wakfu, baada ya ujenzi ulioanza 1914 na kuvuka vita vikuu vya kwanza. Sidai kwamba mambo hayo yalihusiana. Nataka tu ieleweke kwamba kanuni ya spika haijabadilika katika miaka mia. Pesa inayoongezeka hainunui kanuni mpya. Inanunua koni ngumu zaidi na nyepesi zaidi, sumaku yenye nguvu, boksi lisilotikisika, na vipimo vinavyofanywa kwa subira. Baada ya hapo inanunua alumini iliyosuguliwa, duka lenye kiyoyozi, na jina.

Mpaka kati ya hayo mawili unapita wapi? Fundi alikuwa na njia yake. Alitundika leso mbele ya rafu, akapanga nyuma yake jozi tatu za spika, akatuambia tugeuke tuangalie Barabara ya Masaka.

"Mwalimu, usiangalie. Sikia tu."

Akacheza wimbo mmoja mara tatu. Mimi na shemeji tulikataa jozi moja bila kushauriana: ilikuwa na kishindo kikubwa cha chini ambacho kilimfunika mwimbaji. Mbili zilizobaki tulibishana juu yake kwa muda mrefu. Leso ilipoondolewa, tuliyoikataa ndiyo iliyokuwa kubwa, yenye taa za bluu mbele, na shemeji alikiri kwamba dukani angeinyoshea kidole kwanza.

Jaribio la namna hiyo limefanywa kwa uangalifu mkubwa kuliko wetu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman inayotengeneza JBL, waliwaweka wasikilizaji 40, wafanyakazi wa kampuni yenyewe, wapime spika nne. Mara ya kwanza hawakuziona, mara nyingine waliziona. Walipoziona, alama zilihama: spika kubwa za kampuni yao zilipanda, na ndogo ya plastiki, ambayo gizani ilikuwa imejitetea vizuri, ikashuka. Sauti haikubadilika. Yaliyobadilika ni macho. Baadaye, mwaka 2003, Olive alionyesha jambo jingine ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko lile la kwanza: wasikilizaji waliofunzwa, na vilevile watu wa kawaida, wakifunikwa macho, huelekea kupenda spika zilezile. Waliofunzwa wanatofautiana na wengine kwa kuwa wakali na wenye uhakika zaidi katika alama zao. Lakini uchaguzi ni mmoja.

Lifikirie hilo kidogo. Tumezoea kuambiwa kwamba sikio la kuthamini sauti nzuri ni mali ya waliosoma au waliotembea, kwamba maskini anatosheka na kelele. Si kweli. Sikio la mlinzi na sikio la mwenye jumba yanataka kitu kimoja.

Tuliporudi nyumbani tulikutana na tatizo ambalo hakuna duka linalolitaja. Sebule yetu ina sakafu ya simenti, madirisha ya vioo, kuta za plasta, na juu bati tupu. Sauti ikitoka inagonga, inarudi, inagongana na inayofuata. Katika noti nene, zile zilizo chini ya hezi 300 hivi, chumba ndicho kinachoamua utasikia nini. Spika ya pikipiki mbili na spika ya gunia la mahindi zote zinatii kuta. Anayeimba kwenye kwaya analijua hili bila kitabu. Ndani ya Kanisa Kuu la Lubaga, ukiimba haraka maneno yanapandana hadi walio nyuma wanasikia irabu tupu. Unapunguza mwendo, unayaacha mawe yamalize sentensi yako ndipo uanze nyingine. Na kwetu mvua ya Aprili ikianza juu ya bati hakuna kampuni duniani, ya Denmaki au ya wapi, itakayokusaidia.

Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu hivi, na nalijibu bila kusitasita. Kutoka spika ya simu hadi jozi nzuri ya bei ya kati, iliyotumika, yenye boksi la mbao, kuna safari kubwa, na pesa inayolipwa humo inarudi yote masikioni. Kutoka hapo hadi kwenye jina kubwa, sehemu kubwa ya nyongeza inakwenda kwa macho. Na kuna jambo la umri. Spika ya koni na waya ikipasuka sponji ya ukingoni, fundi wa Ndeeba ataivalisha nyingine hata ikiwa imetimiza miaka 40. Zile za kisasa zinazotegemea programu uhai wake uko mikononi mwa kampuni: mwaka 2020 Sonos iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya vifaa vyake vya zamani havitapata tena programu mpya, na watu waliolipa vizuri wakagundua kwamba walichonunua kina tarehe ya kuzeeka iliyopangwa mbali na nyumba zao.

Lingekuwa swali la matumizi tu, ningekuwa nimemaliza. Lakini shemeji alisema hii ni nyingine.

Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliteswa na jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anaeleza jinsi sauti nzuri ya zaburi ilivyomvuta mpaka wakati mwingine akaguswa na uimbaji kuliko kinachoimbwa, na hilo akalihesabu kuwa kosa. Anamkumbuka Athanasio wa Aleksandria, ambaye alitaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo tu, ikaribie kusema kuliko kuimba. Kisha Augustino anakumbuka machozi yake mwenyewe siku za kuongoka kwake, na anashindwa kuziondoa nyimbo kanisani. Nampenda kwa kushindwa huko. Hakujifanya kwamba uzuri ni kitu cha nje kisichogusa imani. Alijua umeingia mpaka chumbani na hakujua aukalishe wapi.

Jirani yetu ni sheikh, mzee wa subira anayesalisha msikiti mdogo upande wa Nateete. Nilipomweleza habari za shemeji, alinipeleka kwa Ghazali, mwanachuoni wa zamani wa Kiislamu, katika ile sehemu ya kitabu chake Ihya inayozungumzia kusikiliza. Ghazali ana mipaka yake juu ya ala fulani, na sheikh hakunificha hilo. Lakini msingi wa hoja yake ni kwamba sauti nzuri haiumbi kitu kipya moyoni. Inakitikisa kilichomo tayari. Mwenye shauku ya Mungu itamsukuma kwa Mungu, mwenye uchafu itamsukuma kwenye uchafu. "Usimwulize shemeji yako amelipa kiasi gani," sheikh aliniambia. "Mwulize anasikiliza akiwa nani." Juu ya israfu alikuwa mkali vilevile: mali ina haki za watu ndani yake, na mwenye kuifuja atasimamishwa kujibu.

Hapa nataka kukaa kwa muda mrefu kidogo kwenye jambo la nchi hii, kwa sababu naliona linafika mbali kuliko yote niliyosema.

Lubaga yenyewe ilikuwa kilima cha ikulu kabla haijawa kilima cha kanisa. Kabaka Muteesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, aliweka makao yake hapo, na mwaka 1889 Wamisionari wa Afrika wakapewa mahali pao. Ng'ambo ya pili, Mengo, kulikuwa na muziki ambao hakuna pesa ingeweza kuununua. Entenga zilikuwa ngoma 15, kubwa mpaka ndogo, 12 kati yake zikiwa zimewambwa na kukazwa hadi kila moja ikashika noti yake, zikapiga wimbo mzima kama marimba. Zilikuwa za Kabaka peke yake. Hakuna chifu wala tajiri aliyeweza kuwa nazo. Raia alizisikia kwa mbali, ukuta ukiwa katikati. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka. Kabaka Muteesa wa Pili alikimbilia Uingereza akafia London mwaka 1969. Wanamuziki walitawanyika, ngoma zikapotea, na mikono iliyozijua ikazeeka vijijini bila kazi. Miaka ya karibuni James Isabirye, mhadhiri wa Kyambogo, aliwatafuta waliobaki na kuwapa vijana wa kufundisha, na kwa hilo anatudai shukrani. Lakini kwa miongo mingi entenga ziliishi karibu mahali pamoja tu: kwenye rekodi zilizofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Hugh Tracey, na Klaus Wachsmann wa Jumba la Makumbusho la Uganda.

Ninazo rekodi za Tracey kwenye simu. Kwa spika ya simu nilikuwa nasikia ngoma ndogo tu, kama punje zinazomwagwa kwenye sinia. Kwa fundi wa Ndeeba nilizisikia kwa mara ya kwanza ngoma kubwa zikitembea chini, na wimbo niliodhani naujua ukawa na miguu. Na mkwaruzo wa rekodi ya zamani ukasikika zaidi vilevile. Spika nzuri haimpendelei mtu.

Kisha kuna amadinda, marimba ya mbao 12. Wachezaji wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja na mstari wake, noti za huyu zikiingia katikati ya noti za yule, na wa tatu anaokota noti fulani na kuzirudia juu kwenye mbao mbili za mwisho. Gerhard Kubik wa Austria, aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu, alieleza kinachotokea hapo: msikilizaji anasikia nyimbo ambazo hakuna hata mchezaji mmoja anayezicheza. Sikio linachagua noti nene na kuzifanya mstari, linachagua za juu na kuzifanya mstari mwingine, na mara nyingine linasikia humo maneno ya Kiganda. Muyinda hakuupiga wimbo huo. Mwenzake hakuupiga. Umetokea kwa anayesikiliza.

Nilipolielewa hilo, swali la spika liligeuka mikononi mwangu. Kama sehemu ya muziki inaumbwa ndani ya msikilizaji, basi kuna sehemu ya sauti ambayo hakuna kampuni inayoweza kuiuza, kwa sababu haiko kwenye boksi. Iko katika saa unazokaa kimya. Mtu anaweza kuwa na spika za thamani ya nyumba na asizipe hata nusu saa ya kukaa mbele yake bila simu mkononi. Huyo hajapata kitu alicholipia. Wakati huohuo siwezi kukubaliana na wanaosema basi chochote kinatosha. Spika mbovu inamnyima msikilizaji zile noti ambazo angeumba wimbo kutokana nazo. Haiwezekani kuokota ngoma ambayo haikufika.

Mama mkwe analijua hili upande mwingine. Jioni husikiliza matangazo ya vifo redioni, na kwake si burudani. Jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji, saa ya maziko: yote yanasomwa mara moja au mbili, haraka. Redio yake ya zamani ilikuwa inameza konsonanti. Alikosa maziko ya rafiki wa ujana wake kwa sababu jina la kijiji lilifika limekatika. Anayesema sauti safi ni anasa aje amweleze mama huyu.

Na shemeji? Siku moja, watoto wamelala, alinisimulia mwenyewe. Jumba alilokuwa akililinda lilikuwa na bustani, na ndani, nyuma ya kioo, mwenye nyumba alikuwa na spika ndefu za fedha. Usiku wa baridi mlango wa kioo ulipoachwa wazi kidogo, shemeji alisimama kwenye zamu yake akisikia kinanda na sauti ya mwanamke kana kwamba yuko hatua tatu kutoka kwake. Hakujua wimbo wala lugha. Hakuruhusiwa kukaa. Mlango ulipofungwa, alibaki na mngurumo wa viyoyozi. "Nilisema siku moja na mimi nitakuwa upande wa ndani," aliniambia. Hapo nikaelewa kwamba jina la kampuni, ambalo mimi nililiita malipo ya macho, kwake ni malipo ya mlango. Sikuweza tena kulidharau. Lakini nilimwambia pia ninachoamini: mtu hafunguliwi mlango ule kwa kununua kilichokuwa nyuma yake. Siku ile sauti ilikuwa imemfikia tayari. Kilichomuumiza ni kwamba mtu mwingine ndiye aliyekuwa na haki ya kuufunga.

Narudi sasa kwa Yuda. Katika Injili ya Yohana kuna jambo dogo ambalo nililipita mara nyingi bila kuliona: marhamu ilipomwagwa, nyumba nzima ilijaa harufu yake. Nyumba nzima. Aliyekuwa akihudumu aliipata, Lazaro aliipata, Yuda mwenyewe aliyekuwa akinung'unika alikuwa akiivuta puani. Mwanamke yule hakuitia kwenye chupa ndogo na kuipanga kabatini ili wageni waione. Aliitumia yote kwa ajili ya mtu aliyempenda, na waliokuwapo wote wakashiriki, wakitaka wasitake. Nadhani hapo ndipo swali la Yuda linapojibiwa. Gharama haikuwa dhambi kwa kuwa haikujenga ukuta. Ni jibu lilelile ninaloweza kulitoa kwa Kanisa Kuu lililo juu yetu, lililoinuliwa katika miaka ya vita kati ya watu waliokuwa na mahitaji mengine chungu nzima: mwanamke anayeuza ndizi Nateete anaweza kuingia leo, akakaa benchi la mbele, na mwangwi ukamhudumia sawa na waziri.

Najua sauti si harufu, na hapa Kampala ni lazima niseme hili. Tumezungukwa na watu wanaoijaza mitaa sauti kwa lazima: vizindaalo, yaani vipaza sauti, kwenye nguzo tangu alfajiri, baa, mikesha ya maombi inayomwombea usingizi mtu ambaye yenyewe imemnyima. Kanuni za kelele zipo tangu 2003 na usiku hazisikiki. Ninaposema ijaze nyumba nasema nyumba, na iishie kwenye ua. Sauti inayomvamia mgonjwa kitandani kwake ni dhuluma hata ikiwa inataja jina la Mungu.

Shemeji hakununua zile za Denmaki. Alichukua kwa fundi wa Bukavu jozi kuukuu ya Kiingereza iliyovalishwa sponji mpya, na amplifaya isiyo na taa za bluu. Pesa iliyobaki aliitia kwenye dari. Mafundi waliweka mbao na siling bodi chini ya lile bati, mimi nikatundika mapazia mazito na kutandika mkeka mkubwa wa Kiganda, na mabadiliko yaliyofuata yalizidi yote yaliyoletwa na spika zenyewe. Maneno yamesimama. Mvua imekuwa jambo la nje. Mama mkwe anasikia majina yote mpaka la kijiji, na chumba chake kina joto kidogo la usiku ambalo halikuwapo.

Jumapili baada ya misa huwa tunaweka oratorio ya Mashahidi wa Uganda ya Joseph Kyagambiddwa, aliyoitunga kwa muziki wa Kiganda kwa ajili ya kutangazwa kwao kuwa watakatifu mwaka 1964, na jirani yetu sheikh hupita kwa chai bila kuona tabu nayo. Watoto nimewawekea sharti moja: wimbo ukianza, simu iko mezani imelala kifudifudi mpaka uishe. Wananung'unika. Mdogo ameanza kusikia ngoma kubwa kabla yangu.

Shemeji bado anafungua zile picha kwenye simu. Mkataba mwingine unamsubiri, na huenda akirudi atazinunua. Sitamzuia, na sitamwita mbadhirifu. Mtu aliyesimama nje ya mlango kwa miaka hiyo yote ana haki ya kuchagua kiti chake. Nimemwambia tu kwamba siku hiyo nitamwuliza mambo mawili: ataziweka chumba gani, na nani wengine wataruhusiwa kukaa humo.